Hita plagi kwenye Lister ya zamani: inawezekana, ila usikimbilie drili

Kaka mmoja mwenye mashine ya kusaga posho upande wa Kapchorwa, Uganda, kaniuliza, nafupisha maneno yake: ana injini aina ya Lister, ile ya silinda moja yenye flaiwili mbili kubwa, ya kuzungusha kwa handeli, imetengenezwa India. Ikishapata moto mchana inawaka mara moja tu, lakini asubuhi vijana wawili wanapokezana handeli mpaka jasho linawatoka, injini inatoa moshi mweupe na haishiki, wateja wamekaa na magunia yao wanangoja. Sasa kuna mtu kamwambia atoboe silinda hedi (kile kifuniko cha juu cha silinda) aweke hita plagi, fimbo ndogo ya umeme inayopasha joto chumba cha kuwakia, kama zile za Hiace. Anauliza kama kweli inasaidia, na inafungwaje.

Kaka, inasaidia, na kwenye injini yako inaweza kufungika bila hata kutoboa chuma cha hedi, nitakuonyesha wapi. Ila hiyo injini iliundwa huko Uingereza, Dursley, makusudi iwake ikiwa baridi kwa mkono wa mtu mmoja bila hita ya aina yoyote, na hizi za India nyingi zinatoka Rajkot na zimefuata ramani ileile. Kwa hiyo kama yako imegoma asubuhi maana yake kuna kitu kimechoka au hakiko sawa, na ukiweka hita juu ya ugonjwa injini itawaka kweli, lakini ugonjwa utaendelea kula ndani kwa ndani mpaka siku itakapogoma hata na hita.

Tuelewane kwanza inavyowaka. Dizeli haina cheche, inategemea joto la hewa iliyobanwa. Hewa ya asubuhi ya nyuzi 15 ukiibana mara 18 kwa haraka bila kuvuja hata kidogo, hesabu za karatasi zinakupa zaidi ya nyuzi 600. Lakini wewe unazungusha kwa mkono, polepole, ukuta wa silinda ni wa baridi unanyonya joto lote, ringi za pistoni zinavujisha, unajikuta unabaki na nyuzi 300 au chini ya hapo, na dizeli inaanza kujiwasha yenyewe kwenye nyuzi 210 hadi 250 hivi, tena inataka muda kidogo ikae kwenye hilo joto. Unaona nafasi ilivyo ndogo. Ongeza na huko kwenu juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari hewa imepungua kama moja ya tano, silinda inavuta hewa nyepesi na dizeli inachelewa kushika. Ndiyo maana injini ileile inawaka vizuri Mbale mjini na kukusumbua Kapchorwa.

Moshi mweupe unaouona ni dizeli iliyopulizwa ikawa mvuke lakini haikuwaka. Hiyo ni habari nzuri kiasi, inamaanisha mafuta yanafika. Kama ungekuwa unazungusha na hakuna moshi wowote ningekuambia uachane na habari za joto ukatafute hewa kwenye paipu ya dizeli au filta iliyoziba.

Sasa kabla ya hita nataka ufanye mambo machache, hayana gharama.

La kwanza ni kile kigurudumu kidogo kilicho pembeni ya silinda hedi, upande wa pili wa nozeli, ile inayopuliza dizeli. Wengi wanadhani ni pambo. Kile ndani kina valvu inayofunga na kufungua chumba cha ziada cha kuwakia: ukikizungusha kuingia ndani mpaka mwisho chumba kinafungwa na kompresheni, yaani mbano wa hewa, inapanda, hiyo ndiyo nafasi ya kuwashia, halafu injini ikishapata moto na kubeba mzigo mzima unakizungusha kutoka nje, kompresheni inashuka na injini inafanya kazi laini bila kugonga. Mashine nyingi za kusaga ninazoziona kile kigurudumu kimeganda kwa masizi, tena kimegandia nje, na mwenyewe hajakigusa tangu ainunue. Basi kila asubuhi anajaribu kuwasha injini kwenye kompresheni ya chini halafu analaumu baridi. Kipake mafuta ya kulegeza vyuma usiku mmoja, kesho ukizungushe taratibu huku na huku, usitumie bomba refu kulazimisha maana ile shafti yake inakatika. Kama kimekataa kabisa, fungua lile kasha lote na usafishe masizi. Kuna wenye mashine watakaoishia hapa, injini inawaka na hawatahitaji kununua kitu.

La pili sikiliza nozeli. Weka mafuta wazi, shika ile leva ya kupampu kwa mkono kwenye pampu ya dizeli, ibonyeze kwa nguvu. Nozeli iliyo nzima, isiyo mbovu, inalia, ule mlio mkavu wa kukoroma mfupi, kwrrk, unausikia na mkono pia unauhisi kupitia leva. Ukibonyeza ikawa laini tu kama unabonyeza grisi, au ikalia mara moja halafu kimya, nozeli inachirizika, haipulizi. Dizeli inayochirizika haiwaki asubuhi hata uweke hita mbili. Itoe upeleke kwa fundi wa pampu aliye na mashine ya kupimia, asiwe yule wa kusugua ncha kwa msasa.

La tatu kompresheni. Toa mkanda wa kinu, shusha leva ya kuachia kompresheni ili valvu zifanye kazi yake, halafu sukuma flaiwili kwa mikono mpaka ifike kwenye ugumu. Silinda isiyo na ubovu inakusukuma irudi, na ukiendelea kuegemea ugumu unabaki pale sekunde kadhaa. Kama unalainika haraka tega sikio: ssss kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi, kwenye filta ya hewa ni valvu ya kuingiza, kwenye kipumuo cha krankesi (kasha la oili la chini) ni ringi na silinda. Valvu unasaga mwenyewe kwa paste jioni moja. Ringi ni ovaholi, hapo panga pesa.

Oili nayo. Watu wanamwaga SAE 40 mwaka mzima kwa sababu ndiyo iko dukani. Huko kwenu asubuhi SAE 40 inakuwa nzito, jaribu SAE 30, utashangaa handeli inavyokuwa nyepesi, na kasi ya kuzungusha ndiyo joto lenyewe. Mkanda wa kinu usiache umefungwa wakati wa kuwasha, hilo nadhani unalijua.

Na ipo njia ya bure kabisa ambayo mimi ningeanza nayo kabla ya waya na betri: maji ya moto. Injini yako inapoa kwa maji ya drumu yanayozunguka yenyewe bila pampu. Funga njia ya kwenda kwenye drumu, au kunja hozi uifunge, toa maji baridi yaliyo kwenye jaketi ya silinda (nafasi ya maji inayoizunguka), halafu mimina humo maji ya moto, sio yanayotokota, yale ya kuogea mtu aliyezoea maji makali hivi, kwa sababu chuma cha kasti baridi ukikimwagia maji yanayochemka unaweza kukipasua. Mimina polepole, ngoja dakika tano chuma kinywe joto, mwaga yale yaliyopoa, rudia. Silinda ikiwa vuguvugu kwa mkono, washa. Ikishashika usisahau kufungua hozi ya drumu, narudia, usisahau, maana injini itachemka wateja wakiwa bado wanapima mahindi yao.

Kama umefanya haya yote na bado unataka hita, au una sababu nyingine, labda anayewasha ni mama au mzee asiye na nguvu za handeli, basi twende kwenye hita, nayo ni kazi nzuri ikifanywa kwa utaratibu.

Kwanza jua injini yako ni ya chumba cha pembeni au ni ya kupuliza moja kwa moja juu ya pistoni. Kama ina kile kigurudumu, ni ya chumba cha pembeni, hita inafaa sana. Zipo za India zenye sura ileile kwa nje lakini nozeli inapuliza moja kwa moja kwenye bakuli la pistoni, hazina kigurudumu, hizo usitoboe. Hedi imejaa njia za maji. Nimeona hedi moja iliyotobolewa kwa kukisia kutokea nje, drili ikapita katikati ya njia ya maji, wakaziba kwa kuchomelea, ikapasuka tena baada ya muda mfupi, hedi ikawa chuma chakavu. Kwa injini ya namna hiyo weka hita kwenye paipu ya kuingiza hewa, coil inayowaka mdomoni mwa hedi. Kwa kasi ya handeli hewa inapita polepole na inapata joto la kutosha.

Kama injini yako ina kile kigurudumu, mlango upo tayari: ni palepale kilipo. Unafungua lile kasha la kigurudumu na valvu yake yote unaliweka kabatini, usiliuze, halafu fundi wa lethi (mashine ya kuchongea vyuma) anakuchongea plagi ya chuma yenye nyuzi kama za skrubu na mabega sawasawa na ya kasha la zamani, katikati imetobolewa kwa ajili ya hita. Kampala kazi hiyo ni Katwe, lakini Mbale pia wapo mafundi wa lethi wazuri, mpelekee kasha lenyewe mkononi apime, usimpelekee picha ya simu. Mbele ya plagi ifanane na ile valvu inapokuwa imefungwa, ikalie kiti kilekile, hivyo chumba cha ziada kinabaki kimezibwa na kompresheni inabaki ya juu.

Hapo utaniuliza, fundi si ulisema ukibeba mzigo mzima ufungue kigurudumu? Ndiyo, na sasa hautakuwa na cha kufungua. Kwa mtu wa bondeni ningesita. Kwa wewe uliye karibu mita 2,000 ile hewa pungufu inayokusumbua asubuhi inakusaidia mchana, kwa sababu shinikizo ndani ya silinda halipandi kama la mtu wa chini. Bado injini isikie: ikianza kugonga kwa mlio wa chuma unapofungulia mahindi mengi, punguza mahindi, na ikiendelea rudisha kasha la zamani, ndiyo maana nimesema usiliuze.

Sasa hita yenyewe. Usiende Kiseka, soko la vipuri la Kampala, ukasema nipe hita ya Hiace ukaondoka. Za Toyota peke yake zipo za volti 6, za volti 11 au 12, na za volti 23, zinafanana kwa macho, zimeandikwa kwa herufi ndogo kwenye mwili wake. Ya volti 6 ukiipa volti 12 inang'aa vizuri sana kwa sekunde chache halafu ncha inavimba na kukatika, na ikikatika ikiwa ndani ya injini kile kipande kinaangukia kwenye pistoni. Ya volti 23 kwenye betri ya 12 itabaki vuguvugu tu. Chukua iliyoandikwa 11 au 12. Pima na nyuzi zake kwa kipimo cha nyuzi, kuna M10 (upana wa milimita 10) yenye hatua ya 1, yaani milimita 1 kutoka uzi hadi uzi, kuna M10 ya 1.25 na kuna M12 ya 1.25, tundu la kuanzia tepu (chuma cha kukatia nyuzi) ni milimita 9 kwa ya kwanza, 8.8 kwa ya pili na 10.8 kwa ya tatu, ukichanganya umeharibu plagi ya lethi bure. Hita hizi hazina gasketi, zinaziba kwa koni inayokaa kwenye kiti cha koni, kwa hiyo mwambie fundi akate kiti cha pembe ileile ya koni ya hita na tundu la mbele liwe na nafasi kidogo kuzunguka fimbo, nusu milimita kila upande inatosha.

Ijaribu kabla ya kuifunga. Ishike kwa koleo, hasi ya betri kwenye mwili, chanya kwenye kichwa, uwe kivulini uone rangi. Nzuri inaanza kuwa nyekundu kwenye ncha kabisa halafu wekundu unarudi nyuma, ikianzia katikati au karibu na nyuzi ni mbovu, irudishe. Hesabu pia inachukua sekunde ngapi mpaka ikolee, maana hiyo ndiyo idadi utakayotumia asubuhi, nyingine ni kama sekunde 10 na zile za mtindo wa zamani zinafika 30.

Urefu wa ncha ndani ya chumba ndipo watu wanapokosea. Nozeli iko upande wa pili inapuliza kuelekea hukohuko iliko hita. Ukiitokeza sana dizeli baridi inaipiga usoni kila mzunguko, inaipoza, na injini ikiwa kazini moto unailamba ncha mpaka inaisha. Itokeze milimita 2 au 3 tu ndani ya chumba, iguse ukungu wa dizeli unapoishia. Kupima, toa nozeli, mulika kwa tochi kwenye tundu lake, utaiona ncha ng'ambo. Baada ya wiki moja ya kazi itoe uitazame: ikiwa na rangi ya kijivu kavu iko sawa, ikiwa imelika au imepinda mrudie fundi wa lethi aisogeze nyuma, ila mbele ya plagi ibaki imekalia kiti chake. Kukaza, taratibu, kwa M12 kama nyutoni mita 20 na kwa M10 chini ya hapo, yaani spana fupi na mkono mmoja. Na usizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi, hita inapata hasi kupitia mwili wake, ukiizungushia tepu unaweza kuikatia umeme.

Waya usiwe ule wa taa. Hita inavuta ampea 10 hadi 15, na mwanzoni inavuta zaidi, kwa hiyo waya wa milimita mraba 4 au 6, fyuzi ya ampea 30 karibu na betri, na swichi ya kubonyeza na kuachia inayoweza kubeba huo moto, au swichi ndogo ikiendesha rilei (swichi kubwa inayofungwa na umeme). Napenda ya kubonyeza kwa sababu hakuna atakayeisahau imewashwa. Waya wa hasi ufunge kwenye bolti ya hedi iliyosuguliwa rangi, usifunge kwenye fremu ya chini yenye kutu. Betri isikutishe: ampea 12 kwa sekunde 30 ni sehemu moja ya kumi ya ampea-saa moja, betri ya sola uliyonayo nyumbani haitasikia, hata ya boda yenye afya inaweza, na paneli ndogo ya wati 20 inairudisha bila shida.

Betri na swichi viweke mbali na kinu. Unga ukiruka hewani unawaka, cheche moja kwenye chumba kilichojaa vumbi la unga ni hatari ya kweli, na kwa sababu hiyohiyo sitaki nisikie habari ya kuwasha kitambaa na kukishika mdomoni mwa filta, ambayo pia inamaliza hewa nzuri na kuingiza makaa kwenye silinda.

Na jambo hili lishike kuliko yote: ukishafunga hita, petroli au ile dawa ya kupuliza ya kuwashia haingii tena kwenye hiyo injini. Ncha ina joto la kupita nyuzi 800. Mvuke wa petroli utawaka pistoni ikiwa bado inapanda, injini itarudi nyuma na handeli itamvunja mtu mkono. Mwambie kila kijana anayeshika hiyo injini, mwambie mbele ya wenzake. Na handeli ishikwe kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, kisizungushwe kuifumbata.

Asubuhi ya kwanza fanya hivi. Mkanda nje, inua leva ya kuachia kompresheni, pampu dizeli kwa mkono mpaka nozeli ilie mara mbili tatu, isizidi, usije ukailowesha hita. Bonyeza swichi kwa zile sekunde ulizohesabu, na mmoja aendelee kuibonyeza wakati mwenzake anazungusha. Zungusha leva ikiwa juu mpaka flaiwili zishike kasi unayoweza, ndipo uishushe. Ikishika iachie hita ndani ya sekunde chache, hizi sio za kukaa zimewaka. Moshi mweupe utabaki dakika moja mbili halafu unakata.

Kama haikushika kwa mara mbili za namna hiyo, acha kuzungusha, toa hita uiangalie: ikitoka imelowa dizeli umepampu kupita kiasi au nozeli inachirizika, ikitoka kavu kabisa mafuta hayafiki. Ukipata lolote kati ya hayo niandikie na uniambie pia kile kigurudumu ulikikuta kimegandia ndani au nje.